Kabla ya kwenda Kampala: feza, shamba na njia ya kurudi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama wa Masisi na Walikale, Masisi-Centre, mwezi wa 11, 2019. Yamechapishwa karibu kama yalivyosemwa.)

Vijana mmesimama kule mlangoni. Ingieni, viti viko. Ndugu zetu wa Walikale mliofika jana na matope mpaka magotini, poleni na asante.

Mzee Prezida aliponiita aliniambia: "Binti yangu, utufundishe namna ya kuishi Kampala kwa feza kidogo." Nikakubali haraka, maana niliishi kule miaka miwili na miezi minne, na feza yangu ilikuwa kidogo kweli. Lakini jana Mama Mhazini alinifungulia kitabu cha kasha la kijani. Mwaka huu vijana saba wamekopa feza ya safari. Watatu hawajarudisha hata franka moja. Wa kwanza kati yao simu yake haipatikani tena. Wa pili anasema kila mwezi, "Mwezi ujao." Wa tatu amesharudi, yuko hapa hapa mtaani, ila anaona haya kuingia mkutanoni. Simtaji jina. Kama kuna mtu wa nyumbani kwake hapa, amwambie kwamba mimi nilirudi na mfuko mmoja tu, na leo nasimama mbele yenu.

Kwa hiyo bei za Kampala nitawaambia, lakini nataka tuanzie hapa. Wengi waliolala njaa kule, njaa yao ilitayarishwa hapa kijijini kabla ya kupanda gari.

Chukueni safari yenyewe. Mtu wa Masisi-Centre ana kama kilometa 80 mpaka Goma, na mvua ikinyesha hizo 80 zinageuka siku mbili. Mtu wa Walikale ni shida zaidi: ama anapita barabara hii mnayoijua, ama anangoja ndege pale Kilambo, inapotua juu ya barabara, na tiketi si ya bure. Amekwisha kula sehemu kubwa ya mkopo kabla ya kuuona mpaka wa Bunagana. Kijana akija kwenye kamati anahesabu "mpaka Kampala". Hakuna anayehesabu siku ya kwanza ya Kampala, usiku wa kwanza, mwezi wa kwanza. Anashuka kwenye basi na shilingi elfu ishirini, na kutoka hapo kila mtu anayemsaidia anakuwa bwana wake.

Halafu karatasi. Nasema pole pole, kwa sababu hapa watu wamepoteza feza nyingi. Ile karatasi ya CEPGL inayokuvusha Gisenyi haikufikishi Uganda. CEPGL ni sisi, Rwanda na Burundi tu. Mwaka 2019 pasipoti yetu ilikuwa dola 185, na juu yake kulikuwa na viza. Mmesikia pia kwamba mwezi wa sita 2019 Rais wetu aliandika barua kuomba Kongo iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ndiyo, aliandika. Barua si mlango. Mwaka 2019 bado ulikuwa mgeni anayehitaji viza.

Njia ya pili ni kuomba hifadhi. Hiyo ni ya mtu anayekimbia, na wengi wetu hapa tulikimbia kweli, hatukusingizia. Ukipitia Bunagana unaandikwa, unapelekwa kituo cha kupitia cha Nyakabande karibu na Kisoro, na kutoka hapo kambini: Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II au Kyangwali. Kule mtu anapewa kipande cha udongo cha kujengea na kulima kidogo, na mwaka 2019 alipewa chakula, au shilingi 31,000 kwa kichwa kimoja kwa mwezi. Hizo zilikuwa dola nane na kitu. Haikushibisha, lakini ilikuwepo. Ukiamua kukaa Kampala, sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inakuruhusu kutembea na kufanya kazi, ila ujue kwamba umechagua kujitegemea. Mjini hakuna mgao. Unajiandikisha Old Kampala, unapata cheti cha muda, na cheti hicho kinakwisha na lazima ukifanye upya mpaka kamati yao ikate kesi yako. Andika tarehe ya mwisho ukutani. Nimeona watu wanakamatwa kwa cheti kilichokwisha siku tisa tu.

Na hili mlichukue nyumbani: kuandikishwa hakuuzwi. Fomu haiuzwi. Nafasi ya kwenda Marekani au Kanada haiuzwi. Mtu akikuambia anajua mtu ofisini, na kwa dola mia tatu jina lako litapanda juu, huyo anataka dola mia tatu zako. Mimi mwenyewe nilimpa mmoja shilingi 150,000. Alikuwa Mkongomani mwenzangu, tulisali kanisa moja, tena aliimba vizuri sana.

Sasa nyumba. Kampala chumba kimoja cha maskini kinaitwa muzigo, na jina linafaa. Watu wetu wako Katwe, Nsambya, Makindye, Ndejje, na wengine wanasukumwa mbali zaidi kila mwaka. Wale niliozungumza nao mwaka 2019 waliniambia walilipa kati ya 100,000 na 200,000 kwa mwezi, kufuatana na choo, maji na barabara. Lakini bei ya mwezi haikuumizi kama miezi mitatu anayoitaka mwenye nyumba mbele. Tuseme chumba cha 120,000: miezi mitatu ni 360,000, karibu dola 97. Anayefika bila dola 97 hana nyumba, hata kama ana kazi. Atalala kwa shemeji wa rafiki, na ule ukaribishaji unakwisha siku ya tisa au ya kumi. Mnajua wenyewe namna mgeni anavyochokesha.

Kabla ya kulipa, uliza mambo manne: maji yakija juani yanafika wapi, mvua ikija yanafika wapi, umeme uko kwenye mita ya nani, na mwenyekiti wa LC1 ni nani. LC1 ni kama chefu wetu wa mtaa. Nenda kwake wiki ya kwanza na cheti chako, msalimie kwa heshima, jina lako liandikwe. Ukiibiwa, ukigombana na jirani, mtoto akiugua usiku, barua yake inakufungulia milango. Mimi nilichelewa miezi mitano kwa sababu niliogopa Kiganda changu kibaya. Kumbe yule mzee alikuwa anajua Kiswahili kuliko mimi!

Chagua chumba ambacho unaweza kutoka kwa miguu mpaka kazini. Chumba cha bei rahisi kule mbali kinakudanganya. Teksi ya asubuhi na ya jioni, siku ishirini na sita, inakula ile tofauti yote na inabaki na njaa.

Chakula sitakaa sana, wamama mnajua. Posho ni bugali yetu ya mahindi. Dodo ni lengalenga. Mukene ni samaki wadogo kama sambaza. Maharagwe yako kila mahali, ingawa ukizoea ya Masisi utalalamika. Makala mnunue gunia, watu watatu au wane, mgawane kwa ndoo. Anayenunua kwa kopo kila jioni analipa karibu mara mbili. Bido za maji vilevile: nunua asubuhi kwenye robine moja unayojulikana. Ile chapati ya mayai wanaita rolex ni tamu na ni hatari, kwa sababu ukiwa peke yako unasema "ni moja tu", na mwisho wa mwezi umekula bei ya mafuta ya kupikia ya miezi miwili. Kaeni wawili au watatu mkipika pamoja. Na hapa niseme jambo lililonishangaza. Chumbani kwetu Nsambya tulikuwa wanawake wane, wa vijiji ambavyo hapa Masisi havisalimiani. Kule wote waliitwa Bakongo, basi. Tuligawana makala, tuligawana ugonjwa. Nilirudi hapa nikakuta bado mnaulizana nani ni nani. Haya, tuendelee.

Kazi. Wanawake wetu wengi wanauza vitenge na mapambo ya shingoni wakitembea mitaani. Mjue kwamba jiji linakataza kuuza kwa kutembea bila ruhusa, na wakikukamata, bidhaa zinakwenda. Usitembee na mtaji wote kichwani. Toka na vipande vitano, saba vibaki nyumbani. Bora zaidi, tafuteni watatu mkodi kona ndogo ya meza sokoni. Wanaojua kusuka nywele, kushona, kunyoa, kuseremala, wanapata mapema kuliko sisi wenye diploma. Diploma yangu ya Goma ilikaa chini ya godoro mwaka mzima. Kilichonilisha ni kufundisha watoto wawili wa jirani Kifaransa, na kusuka. Kiingereza kitakusaidia kwenye ofisi, lakini Kiganda ndicho kinapunguza bei. Anza na namba, kisha "ssente mmeka?", kisha "salako", yaani punguza. Sema ssebo kwa mwanaume na nnyabo kwa mwanamke kabla ya neno lolote lingine. Hapo bei inaanza kushuka yenyewe.

Simu ni jambo dogo linalokula feza kubwa. Mwaka 2019 waliruhusu mkimbizi kuandikisha laini kwa ile barua ya OPM. Zamani tulitumia laini zilizoandikwa kwa majina ya wengine, na mwenye jina akigombana nawe, feza yako yote imekwenda. Kuanzia mwezi wa saba 2018 kulikuwa na kodi ya shilingi 200 kwa siku kutumia WhatsApp na Facebook. Ukilipa kila siku ilikuwa 6,000 kwa mwezi. Na kutoa feza kwenye simu kuna kodi ya nusu shilingi kwa kila mia, mbali na malipo ya ajenti. Kwa hiyo wewe uliye hapa unayeandika "mbona uko kimya?", ujue ukimya una bei yake.

Na hapo nimefika pale nilipotaka kufika.

Mwaka wa 2013 baba yangu alinipigia simu, usiku. Akaniuliza: "Mwana, unakulaka nini kule?" Nikamjibu: "Niko nakula vizuri, baba, leo tulikula kuku." Siku ile nilikuwa nimekunywa uji wa asubuhi. Baba akafurahi. Wiki iliyofuata akapiga tena: shangazi anaoza mtoto, ukoo umekaa, wamenihesabia dola 50. Wangenihesabia nini kingine? Mtu anayekula kuku! Nikatuma. Ilikuwa feza ya chumba. Tukafukuzwa, mimi na wale watatu ambao hawakuwa na kosa. Tulilala kanisani siku kumi na nne. Baba alikufa bila kujua, na mpaka leo sijui kama nilimtendea vizuri au vibaya.

Simlaumu. Alifanya hesabu kwa namba nilizompa. Lakini nataka sisi tulioko hapa tuone mchezo huu unavyokwenda. Anayeondoka anadanganya kwa sababu ya haya. Anayebaki anaomba kwa sababu ya uongo. Mkopo wa kasha la kijani unakaa katikati, riba inaongezeka, na mwisho kijana anazima simu. Mama Mhazini anaandika "hapatikani". Si kwamba ni mwizi. Amefinywa pande mbili.

Naomba tuwe na desturi moja: miezi sita ya kwanza, hakuna kumwomba anayeondoka kitu. Hata mahari, hata bati, hata simu ya mdogo wake. Ugonjwa mkubwa na msiba, hayo tunayo kasha jekundu, ndiyo kazi yake. Na kijana naye, siku ya kuchukua mkopo, aseme mbele ya wazazi wake kwamba atatoa hesabu ya kweli kila mwezi, hata kama ni hesabu ya sifuri. Wazazi wasikie kwa masikio yao. Nilipendekeza hivyo kwa kamati jana, mzee mmoja akaniambia: "Mtoto akikataa kusaidia mama yake, huyo si mtoto." Nilimjibu kwa heshima: mtoto akifukuzwa nyumba, mzee, atamsaidia mama na nini?

Jambo la pili ni shamba, na hapa naomba mnivumilie, maana karibu nusu ya kesi ninazoletewa kazini ni hizi. Mama mmoja alikimbilia Rwamwanja mwaka 2012, ule mwaka kambi ilifunguliwa tena. Shamba aliliacha kwa shemeji, kwa maneno tu. Shemeji naye akahama, akamwachia jirani. Jirani akauza. Aliyenunua akapanda mikaratusi. Mama amerudi 2017 na watoto watano. Mwenye mikaratusi ana karatasi. Mama ana kumbukumbu. Sasa analima kwa salongo, anatoa siku zake kwa mwenye konsesio ili apate kipande cha maharagwe, mita mia tatu kutoka shamba la baba yake.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka, hata kama unasema ni miezi mitatu, andika. Karatasi ya daftari inatosha kuanza: shamba liko wapi, linapakana na nani pande nne, nani atalima, mpaka lini, atakupa nini katika mavuno, na neno hili kwa herufi kubwa: HALIUZWI. Majirani wa pande nne watie sahihi au kidole. Chefu wa lokalite atie muhuri. Kopi tatu: yako, ya anayelima, na moja hapa kwenye ofisi ya mutualite. Na anayelima kwa salongo ajue wazi kwamba nafasi yake haitamngoja; apange na mwenye konsesio kabla, si baada.

Watoto, nitasema kifupi. Wakienda nanyi, bebeni buletini zote na cheti cha kuzaliwa. Wakirudi, bebeni ripoti za shule za kule zenye muhuri. Mtoto aliyesoma miaka minne kwa Kiingereza akirudi hapa bila karatasi, anawekwa na watoto wadogo kuliko yeye, anaona haya, anaacha. Tangu mwezi wa tisa 2019 shule ya msingi imetangazwa kuwa bure, madarasa yamejaa, na walimu hawana nafasi ya kumbembeleza mkubwa anayekaa nyuma akinyamaza.

Sasa pendekezo langu, na wafadhili wetu watakaosoma gazeti hili walisikie pia, kwa sababu linahusu kasha la bluu. Tumekuwa tukikopesha nauli. Naomba tusikopeshe tena nauli peke yake. Mkopo wa safari uwe na vipande vinne ndani yake: njia, miezi mitatu ya chumba, chakula cha mwezi mmoja, na feza ya kurudi. Hiyo ya kurudi isitoke kamwe. Ibaki hapa ndani ya kasha, kwa jina la aliyesafiri, na asiilipie riba. Akishindwa anapiga simu, tunamtumia, anarudi bila kumuuliza kitu siku ya kwanza. Akifaulu, ile feza inahesabiwa kuwa malipo yake ya mwisho.

Mtasema: namna hii watu watakuwa wachache. Ndiyo. Kwa feza iliyowapeleka saba, tutapeleka watatu. Mama Mhazini na mimi tulihesabu jana kwa mshumaa, mara mbili. Ninajua pia nani atabaki nje: yule ambaye hana hata mbuzi wa kuweka dhamana, na pengine ndiye anayehitaji kuondoka zaidi. Ndiyo maana nasema kasha la bluu. Wafadhili wametusaidia kwa mbegu na kwa mbuzi, tunawashukuru. Tunawaomba sasa wabebe ile sehemu ya kurudi, isiyotoka. Feza inayokaa kasha haipendezi kwenye ripoti, najua, mimi mwenyewe naandika ripoti hizo. Hakuna picha ya kupiga. Lakini yule kijana anayejificha hapa mtaani, aliuza simu na koti lake Kisoro ili avuke Bunagana. Nauli ya kurudi tu ndiyo iliyokosekana.

Kamati itakaa saa nane kuzungumza hili, na kila mwanachama ana haki ya kuingia na kupinga. Mimi nitabaki hapa mpaka saa kumi. Mwenye shamba anayetaka kuandika ile karatasi aje na jirani angalau wawili. Daftari ninayo, na chefu amekubali kuleta muhuri wake. Wenye watoto waliorudi na ripoti za Kiingereza, zileteni tuzisome pamoja kabla hamjazipeleka kwa mkurugenzi wa shule. Na wale wa Walikale tuwatangulize, maana wana njia ndefu na mawingu yale siyapendi.